Siku tano za utulivu kwa mama mzee na watoto: Shela, Manda au Kiwayuu?

Mkaazi wa Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Lamu, nanyi nyote mnaovijua visiwa vile.

Mimi ni mkaazi wa Malindi, nina mke na watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na miwili na mdogo ana minne. Ninaishi pia na mama yangu mzazi, ambaye ametimiza miaka sabini na magoti yake humsumbua, ingawa bado hajahitaji mkongojo. Mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, ninataka kuwapeleka siku tano mahali penye ufuo mtulivu, pasipo na muziki wa usiku wala wachuuzi wa kumwandama mtu kila anapoweka mguu, mahali ambapo sauti kubwa kuliko zote ni ya bahari yenyewe. Huenda mkashangaa mtu wa Malindi kuifuata bahari ugenini. Bahari ya kwetu ninaipenda, lakini mvua zikinyesha bara Mto Sabaki huitapikia udongo, maji yakageuka mekundu kwa majuma kadhaa, na wakati wa likizo ufuo hujaa watu mpaka mzee hana pa kukaa.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi. Mama alizaliwa Mkokoni, upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Kiwayuu. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, jamaa zake walihama kwa ajili ya vita vya Shifta vya miaka ya 1960, kama walivyohama Wabajuni wengi wa vijiji vya pwani ile ya kaskazini, na tangu siku hiyo hajarudi. Habari za kuhama hazisimulii sana. Anachosimulia ni jinsi kisiwa kilivyokaa mbele yao mfano wa ukuta, mawimbi yakivuma usiku kucha kwa upande wa nje, na kwa upande wao maji yametulia hata mtoto akiachwa kuoga peke yake hakuna wa kumhofia.

Ninaomba ushauri wa watu waliofika. Je, niwapeleke Shela, ule mji mdogo wa kisiwa cha Lamu, ambako usafiri ni mwepesi, au ng'ambo yake, upande wa kisiwa cha Manda, au nijitie moyo niende mpaka Kiwayuu? Na kwa mama mwenye magoti kama yake, safari ya chombo itakuwaje?

Nahodha wa Mkomani

Waalaykum salaam, ndugu yangu, na karibu sana. Mpe mama salamu zangu kabla ya lolote. Nimeendesha vyombo baina ya Lamu, Pate na Kiwayuu tangu ujana wangu, na nitakueleza ninavyofahamu.

Alivyosema mama kuhusu ukuta ni kweli tupu, na ukilielewa jambo hilo utakuwa umeielewa Kiwayuu yote. Kisiwa kile ni kirefu na chembamba, kimejinyosha sambamba na bara, na nguvu ya bahari kuu inamalizikia mgongoni mwake. Upande wa nje kuna ufuo mrefu wa mchanga ambao unaweza kuutembea asubuhi nzima usikutane na mtu ila mvuvi mmoja au wawili. Upande wa ndani ni ghuba na mikoko, na maji yake ni kama ya birika. Kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba Kiwayuu kuna ufuo mmoja, kwa maana kuna fuo mbili zenye tabia mbili, na mtoto wa miaka minne mahali pake ni upande wa ndani.

Kabla ya kuzungumzia malazi wala chakula, tuzungumze maji. Watu wengi hupanga likizo kwa tarehe za kalenda ya ukutani, wakafika gatini saa tatu asubuhi na mizigo yao wakitaka kuondoka. Huku chombo hakiondoki kwa saa ya mkononi. Kutoka Lamu kwenda Kiwayuu ni kiasi cha kilomita 50, na njia iliyo salama kwa familia ni ya ndani: unapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko baina ya Manda na bara, unaingia ghuba ya Manda, kisha unafuata maji baina ya kisiwa cha Pate na bara, ukiiacha miji yake ya Siyu na Faza kuliani, mpaka kisiwa cha Ndau, ndipo Kiwayuu. Sehemu kadhaa za njia hiyo ni kina kifupi mno. Maji yakitoka nawe ungali juu yake, umepwelewa, na ukipwelewa hakuna injini itakayokusaidia. Utakaa juu ya tope mpaka bahari irudi yenyewe. Wazee wa Shela husimulia kwamba katika vita vya Shela, mnamo mwaka 1812 hivi, majeshi ya Pate na ya Mombasa yaliposhindwa yalikimbilia vyombo vyao yakavikuta vimekaa mchangani, maji yameshakwenda zao. Bahari ya huku haijabadilika tangu wakati ule.

Hesabu yake ni hii. Tazama mwezi mwandamo. Siku za mwanzo wa mwezi, na tena mwezi unapokuwa mpevu, ni za bamvua: maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hutoka kabisa kati ya saa nne na saa tano. Kila siku inayofuata saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Basi siku ya tano ya mwezi maji hujaa baina ya saa moja na saa mbili asubuhi, na siku hiyo ndiyo ninayoipenda mimi kwa kusafiri na watoto, kwa sababu unaondoka kumekucha, maji bado yanapanda, na yakikubeba unafika kabla ya jua la utosini. Siku ya nane hujaa baina ya saa nne na saa sita, lakini hapo yameshakuwa maji mafu, hayapandi sana, kwa hiyo chombo cha kurudia kiwe chepesi, kisichohitaji kina. Linganisha hesabu hii na jedwali la maji kabla ya kulipa chochote, maana upepo nao huongeza na kupunguza.

Kuhusu upepo, Desemba ni mwezi wa kaskazi. Kwenda Kiwayuu linakuwa omoni, linakupiga usoni, kwa hiyo utakwenda kwa injini; kurudi linakuja tezini, kwa nyuma, na unaweza kupandisha tanga ukapumzika na makelele ya mashine. Wanaokuja wakati wa kusi, hasa kuanzia Mei mpaka Agosti, huikuta bahari ya nje imechafuka, na mimi binafsi simchukui mzee wala mtoto kupita nje miezi hiyo kwa malipo yoyote.

Magoti ya mama yasikutie hofu. Panda chombo maji yakiwa yamejaa, kwa kuwa ubavu wa chombo huwa umelingana na gati na mtu anavuka hatua moja tu. Maji yakiwa yametoka, zile ngazi za chini huwa na ukoga, nami nimeshuhudia vijana wenye nguvu zao wakiteleza. Kiwayuu hakuna gati la kuteremkia ufuoni. Chombo hukaribia mpaka maji ya magoti, na mzee huketishwa katika kiti akabebwa na watu wawili. Tunafanya hivyo kwa wazee wetu kila siku, na hakuna anayeona kwamba amedharauliwa.

Mwalimu wa Shela

Assalaam alaykum. Nahodha amesema kweli katika kila alilolisema juu ya maji, lakini ninaona ameikimbilia Kiwayuu kabla ya kumpa ndugu yetu nafasi ya kuipima Shela. Mimi nimezaliwa Shela na ninafundisha hapa, na sitaki mtu aambiwe kwamba kwetu utulivu umekwisha.

Ni kweli kwamba Shela ya leo si ile ya utotoni mwangu. Nyumba nyingi za zamani zimekuwa za wageni, na kuanzia tarehe ishirini na kitu za Desemba mpaka baada ya mwaka mpya mji hujaa, vyombo hupishana mlangoni na usiku huwa na kelele. Ukija katika majuma mawili ya kwanza ya Desemba hali ni nyingine kabisa. Kumbuka pia kwamba wakati wa Maulidi mji wa Lamu hupokea wageni kutoka kila pembe ya pwani na hata nchi za nje, na ingawa hiyo ni furaha kubwa kwetu, hautakuwa wakati wa kutafuta ufuo mtupu. Mwezi wa Mfunguo Sita ukiangukia likizo yako, basi jua hivyo.

Ufuo wetu una urefu wa kilomita 12 hivi. Wageni wengi huishia katika kilomita ya kwanza, pale karibu na mji, kisha hulalamika kwamba wamewakuta wengine. Tembea nusu saa kuelekea magharibi, baada ya alfajiri, mchanga ungali baridi, na utakuwa peke yako na kunguru wa pwani na kaa wanaokimbia. Lakini nina onyo moja ambalo ningependa kila mzazi alisikie. Pale mlangoni, maji ya mkono wa bahari baina ya Lamu na Manda yanapokutana na bahari kuu, mkondo ni mkali, hasa yanapotoka, na mawimbi ya ufuo wa mbele hayana mwamba wa kuyapunguza. Watoto wako wakitaka kuoga, wavushe ng'ambo, upande wa Ras Kitau katika kisiwa cha Manda, ambako maji ni mapole zaidi, na bado mtu mzima awe nao majini wakati wote.

Juu ya yale machuguu ya mchanga nyuma ya ufuo nina neno moja, kwa sababu linanigusa sana. Watu huyaona kuwa ni mahali pa kuteleza na kupigia picha. Mchanga ule ndio hazina ya maji yetu ya kunywa. Mvua hunyesha juu yake, ikazama, ikatulia chini juu ya maji ya chumvi, na visima vilivyoko hapo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Ukiyachimba machuguu, ukayajengea, au ukayaachia taka, unaharibu kisima cha watu. Ukitaka kuona kisiwa kisicho na bahati hiyo, vuka uende Takwa, huko Manda. Mji ule uliachwa katika karne ya 17, na inaaminiwa kwamba ukosefu wa maji matamu ulikuwa mmoja wa sababu. Wenyewe walihamia kwetu Shela. Msikiti wao umesimama mpaka leo ukiwa umebomoka, na nje ya ukuta lipo kaburi la mnara lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria, ambako watu wa Shela bado huenda kumwomba Mwenyezi Mungu mvua. Mama yako angepapenda. Kijito cha kuingilia huko nacho hupitika maji yakiwa yamejaa tu, kwa hiyo Nahodha atakuhesabia.

Kwa mtu mwenye magoti mabovu, Shela ina faida nyingine. Mji ni mdogo, barabara ya magari haipo, na hospitali iko karibu, mjini Lamu. Kutoka mjini mpaka kwetu kwa miguu ni kama dakika arobaini kando ya maji, lakini bamvua likijaa sehemu ya njia hufunikwa, basi mpande chombo. Mtalala mkisikia adhana ya msikiti wetu wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, na asubuhi mtapata mahamri na mbaazi bila kuondoka mtaani. Ninachoomba, na ninajua kwa mtu wa Malindi si lazima niseme, ni kwamba watu watokapo ufuoni wajifunike kabla ya kuingia mitaani.

Mkaazi wa Malindi

Nawashukuru mno, Nahodha nawe Mwalimu. Nimeyasoma majibu yenu mara mbili, na ile habari ya mchanga kuweka maji nimewasomea watoto.

Nina maswali mawili ambayo mke wangu ananiuliza kila usiku. La kwanza ni usalama, kwa barabara na kwa upande ule wa kaskazini. Ninaomba mniambie kama mnavyowaambia ndugu zenu, bila kupamba wala kutisha. La pili ni kama huko Kiwayuu mtu ataweza kuishi siku tatu na mtoto mdogo, kwa maji ya kunywa, chakula na joto. Je, yupo aliyekwenda akiwa na watoto?

Mama Wawili, Mombasa

Mimi nilikwenda, ndugu yangu, na wanangu wawili, mmoja akiwa na miaka mitano wakati huo, pamoja na mume wangu na dada yake. Nitakueleza mabaya kwanza ili mazuri uyaamini.

Tulipanga safari na mwenye chombo ambaye tulielekezwa tu, na sitamtaja. Tulimwuliza kuhusu maji, akajibu kwamba yeye ni mzoefu na hakuna tatizo. Tuliondoka gatini saa tatu asubuhi, na sasa nikisoma hesabu ya Nahodha ninaelewa kwamba ilikuwa bamvua na maji yalikuwa yanatoka. Tulivuka Mkanda salama, lakini upande wa Siyu chombo kilianza kuguswa chini, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu kikakaa. Tulikaa pale zaidi ya saa tano. Hakukuwa na turubai. Jua lilikuwa juu, kando ni tope na mikoko, na maji ya kunywa tuliyokuwa nayo yalikuwa machache kwa sababu tulidhani tutafika mchana. Mwanangu mdogo alitapika na kulegea, dada ya mume wangu akamfunika kanga iliyoloweshwa maji ya bahari na kumpepea mpaka maji yalipopanda. Sijawahi kuomba dua kama siku ile. Tulifika magharibi, na watu wa kijiji walipoiona hali ya mtoto walileta madafu kabla hata hatujashusha mzigo.

Kwa hiyo ninakusihi: kabla ya kukubaliana bei, muulize mwenye chombo maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Akikupa saa yenyewe, endelea kuzungumza naye. Akikujibu kwamba usijali, mshukuru na utafute mwingine. Hakikisha kuna turubai, kuna jaketi ya kuokolea inayomtosha mtoto na si ya mtu mzima iliyofungwa kamba, na kuna maji ya kunywa mara mbili ya mnavyofikiri mtahitaji.

Baada ya hayo, siku tatu tulizokaa ndizo zilizo bora katika maisha yangu ya ndoa, na ninasema hivyo bila kuongeza chumvi. Tulilala katika banda la makuti lililo wazi kwa upepo. Taa ni za sola, na usiku zikizimwa unaona nyota mpaka upeo wa bahari. Wavuvi walituuzia samaki na kambamawe asubuhi, na mama mmoja wa kijiji alitupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa bei tuliyokubaliana mapema. Mboga, matunda, maziwa ya mtoto na dawa tulikuwa tumevinunua Lamu, nawe fanya hivyo, kwa kuwa duka la kijiji ni dogo. Maji matamu ni kitu cha thamani kule. Visima vina chumvichumvi, na mvua hukusanywa katika jabia, kwa hiyo ukioga kwa kata tatu usitake ya nne.

Kisha ile asubuhi ya pili tulipanda kilima cha mchanga katikati ya kisiwa, na ghafla upande mmoja wa macho yako ni ghuba ya kijani isiyo na kikunjo, na upande wa pili ni bahari kuu inayonguruma. Watoto walinyamaza wenyewe. Tuliposhuka upande wa nje tuliona mchanga umekwaruzwa kutoka majini mpaka juu, kana kwamba kitu kizito kimeburutwa, na mwenyeji wetu akatueleza kwamba kasa alipanda usiku kutaga. Kuna kasa na ng'amba katika maji yale, na mayai yao hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Ukimwona kasa, kaa mbali, usimmulike tochi wala kumpiga picha ya mwanga, kwa sababu ataghairi kutaga arudi majini.

Jambo lililonihuzunisha ni taka. Ufuo ule hauna watu, lakini ndara zilizokatika, chupa na nyavu kuukuu huletwa na bahari kutoka mbali. Watoto wa kijiji walikuwa wakichonga vinyago vya kuchezea kutokana na ndara hizo, na baadaye nilijifunza kwamba kutokana na michezo hiyo hiyo ya Kiwayuu ndipo lilipochipuka wazo la kazi ya kuchonga sanamu za wanyama kwa ndara kuukuu, ambayo sasa hufanywa Nairobi. Kiwayuu imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya wala fuo zake. Bebeni maji katika madumu, na kila mlichokwenda nacho mrudi nacho Lamu.

Nahodha wa Mkomani

Dada yangu, pole sana kwa yaliyowapata. Kumpakia mtoto chomboni maji yakitoka, bila turubai, si kazi ya nahodha, na ninaona haya kwa niaba ya kazi yetu.

Ndugu wa Malindi, kuhusu usalama nitasema wazi. Septemba 2011 watu wenye silaha waliivamia hoteli moja ya ufukweni upande wa bara, mkabala na Kiwayuu, mtu akauawa na mkewe akatekwa. Na tangu mwaka 2015 majeshi yamekuwa na operesheni katika msitu wa Boni. Mambo hayo yaliwakimbiza wageni kwa miaka mingi, na wenyeji ndio walioumia kwa kukosa riziki. Kutoka Malindi hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, ni zaidi ya kilomita 200. Barabara ya Garsen kupitia Witu imetiwa lami, safari imekuwa fupi kuliko zamani, lakini safiri mchana, kwa basi, na ukikuta vizuizi au msafara wa polisi uwe na subira na vitambulisho vyote mkononi, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Asiyetaka barabara huja kwa ndege, ikatua Manda, na kutoka uwanjani mpaka Lamu ni kuvuka maji tu.

Baharini usisafiri usiku. Siku chache kabla ya kuondoka, uliza hali ya upande wa kaskazini kwa polisi wa Lamu na kwa maafisa wa hifadhi ya wanyamapori, na mjulishe chifu mtakakofikia. Wakikwambia ngoja, ngoja. Hao wana habari ambazo mimi na wewe hatuna.

Sasa lipo jambo ambalo hukuuliza, lakini nimelisoma katika maneno yako. Mama atataka kukanyaga Mkokoni. Kutoka Kiwayuu ni kuvuka ghuba, si mwendo wa kutisha, nako kuna watu waliorudi na wanaishi. Lakini bara ni bara, na ruhusa ya hapo iombwe kwa wakuu wa usalama kwanza, isiwe jambo la kuamuliwa asubuhi kwa sababu maji yametulia. Mtayarishe mama mapema kwamba huenda akapaona kwa macho kutoka chomboni na asiteremke.

Mwalimu wa Shela

Nimeyasoma maneno ya Mama Wawili na nimeridhika kwamba ndugu yetu aende Kiwayuu, ila asiende moja kwa moja. Baada ya basi la siku nzima, mzee wa miaka sabini apumzike Shela angalau siku mbili. Magoti yatulie, watoto waizoee bahari, na wewe upate muda wa kuonana na nahodha ana kwa ana na kukitazama chombo kwa macho yako. Hela za chombo mkubaliane zinahusisha nini: mafuta, chakula cha mabaharia, siku za kungojea na kurudi, yote yatajwe.

Mkaazi wa Malindi

Tumeamua, na ninawashukuru kutoka moyoni. Tutaingia Shela siku ya tatu ya mwezi mwandamo, tulale siku mbili, tuondoke kwenda Kiwayuu alfajiri ya siku ya tano na kurudi siku ya nane kwa chombo chepesi. Mke wangu amekubali baada ya kusoma ushauri wa Nahodha kuhusu kuuliza hali kabla ya kuondoka, na amesema wakituambia tungoje tutamalizia siku zote Shela bila manung'uniko. Madumu ya maji ameshayanunua.

Jana baada ya isha nilimwambia mama. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama tutapita ndani ya Ndau au nje. Nilimjibu ndani. Akauliza ni siku ya ngapi ya mwezi, nikamwambia ya tano, na kabla sijamsomea hesabu ya Nahodha alianza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, akirudia kidole kimoja mara mbili, halafu akasema kwamba maji yatakuwa yamejaa jua likiwa limeshapanda kidogo, na kwamba tusichelewe kunywa chai. Hajahesabu maji tangu akiwa na miaka tisa, au ndivyo nilivyodhani.

Habari ya Mkokoni nimemweleza kama nilivyoshauriwa. Amesema akiuona mnazi mmoja tu kutoka chomboni utamtosha, na iwapo ruhusa itapatikana atashuka na kiti chake. Kwa hiyo, Nahodha, ninaomba chombo kiwe na kiti cha mbao chenye egemeo, na kifungwe upande wa kushoto, ule utakaotazama bara tutakapokuwa tunakwenda.